Mtakatifu Aliyeibwa: Haki ya Bari kwa Nikolao

Bari, bandari ya Puglia kwenye bahari ya Adria, inajivunia mtu ambaye hakuwahi kuukanyaga mji huo akiwa hai. Nikolao alikuwa askofu wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akafariki karne ya 4. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari waliingia kanisani kwake, wakalivunja kaburi mbele ya watawa waliolilinda, wakaondoka na mifupa. Hadi leo mji husherehekea kila Mei kuwasili kwa masalia hayo. Je, mji unaweza kujijengea utambulisho wa haki juu ya kitu ulichokiiba? Watetezi husema mabaharia walimwokoa mtakatifu mikononi mwa Waturuki. Sikubali. Watawa wale walikuwa Wakristo na hawakuomba kuokolewa, na wasimulizi wa zama zile hawafichi kwamba watu wa Bari walikuwa wakishindana na Wavenezia kufika kwanza. Sababu iko karibu zaidi: hadi Wanormani walipouteka mwaka 1071, Bari ulikuwa makao ya gavana wa Bizanti kusini mwa Italia. Mji uliopoteza hadhi ulitafuta nyingine, na mahujaji huleta heshima pamoja na fedha.

Hata hivyo nadai kwamba Bari ina haki fulani kwa Nikolao, ingawa si haki ya mwenye mali. Cha wizi hakihalaliki kwa kukaa siku nyingi. Lakini masalia yana maana kwa wale tu wanaosali mbele yake, kwa hiyo anayeyashika ni mdhamini, na mdhamini hupimwa kwa namna anavyowapokea wenye dai. Chini ya basilika ya Kikatoliki ya Bari yanamohifadhiwa masalia hayo, inayotunzwa na Wadominikani, Waorthodoksi huadhimisha liturujia yao wenyewe penye kaburi. Wanawake wa Kirusi waliojifunga vitambaa kichwani hupiga magoti kwenye sakafu ya mawe, karibu na mahali ambapo kila Mei padri huinama na kuteka kimiminika kinachojikusanya kaburini, ili mahujaji wagawiwe. Makanisa yaliyotengana kwa karne nyingi hayana mahali pengi pa namna hii.

Atauliza mtu: kwa nini basi wasimrudishe? Dai hilo ni zito, na silifuti. Lakini Wakristo Wagiriki wa Myra waliondoka katika mabadilishano ya watu ya mwaka 1923, na kanisa lao sasa ni makumbusho. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: ni rahisi kumkarimu mfu. Agosti 1991 meli Vlora ilitia nanga Bari ikiwa na Waalbania wapatao 20,000. Serikali ya Italia iliwafungia wengi katika uwanja wa mpira, kisha ikawarudisha walio wengi kwao. Meya Enrico Dalfino alisisitiza wapokewe kama binadamu, na Rais Cossiga wa Italia akamshambulia hadharani. Kwa kipimo cha udhamini nilichokitaja, Bari siku zile iliwakilishwa na meya wake, na ikashindwa pamoja naye.