Kutosikika si Kufa

Gari likizimika hapo Kiminini, safari ya Kitale kwenda Bungoma, fundi huchomeka mashine na kusoma U0100. Kisha: "Kontroli boksi imekufa, mzee. Tafuta ingine."

Mimi nauliza, nani amesema imekufa? Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta zingine za gari haziisikii ile ya injini. Huenda fyuzi imeungua, waya wa athi umelegea, au soketi imeingia maji ikaota kutu. Zile nyaya mbili za mawasiliano nazo hupimwa, betri ikiwa imefunguliwa: omu 60 hivi ni sawa, 120 ni dalili kuna mahali pamekatika. Dakika chache tu, na mita ya bei ndogo.

Basi mbona akisie? Kukisia hakumgharimu, anayelipa ni mwenye Probox anayeitegemea kwa karo. (Na sisi wateja tuna shida: fundi akisema "bado sijui" tunamwona mbumbumbu.) Kwangu, kuuza makisio kwa jina la kipimo ni uongo, hata yakitokea kuwa sahihi. Boksi ikibadilishwa na gari likawaka kwa sababu tu soketi imechomekwa upya, ile pesa ya boksi tuiite nini?