Hatamu na Mkono Uzishikao

Wengi hudhani kuwa kumfundisha farasi mdogo kuvuta gari ni kumshinda nguvu. Sisi twaona sivyo. Farasi wa Shetland, ambaye kwa kanuni za Uingereza kimo chake mabegani hakizidi sentimita 107, bado amshinda mtu nguvu.

Kwa hiyo wajuao kazi hii hawaanzi na gari. Kwanza mwalimu huenda kwa miguu nyuma yake, ameshika hatamu ndefu, akimzoeza neno la kwenda na la kusimama. Kisha humvutisha gogo jepesi, apate kuzoea mshindo wa kitu kimfuatacho. Gari tupu huja baadaye, na mzigo mwisho. Mwenye haraka humtia mnyama hofu, na hofu hiyo ni kazi kuiondoa.

Je, afundishwaye hapo ni nani? Twasema ni wawili. Mnyama aliyevikwa vifuniko vya macho hamwoni aliye nyuma yake. Amtegemea kwa sauti na kwa mkono tu. Basi kumpiga kwa hasira yule akutegemeaye hivyo ni khiyana. Nasi tujiulize, ndugu wasomaji: walio chini ya mikono yetu, majumbani na madarasani, twawaongoza kwa lipi?