Mjukuu Wangu, Umeme Uliokatika Haujazimwa

Mjukuu wangu unayeshika spana hapa Buguruni, kaa kitako nikwambie neno. Wewe wa mashine ya kusaga kule Malapa, wewe wa gereji, wewe wa randa na msumeno wa mbao, na wewe unayedamka alfajiri kufuata kibarua viwandani Vingunguti. Nyote ni wangu, na nyote mnanipa hofu.

Mashine ikinguruma, hata mtoto hukaa mbali nayo. Mimi naiogopa zaidi iliyonyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo unayoiingizia mkono.

Tazama yanavyotokea. Mchana umeme umekatika, wateja wamepanga ndoo zao za mahindi. Unajisemea, ngoja nitumie nafasi hii nibadilishe chekeche, nigeuze na nyundo. Unalegeza bolti, unafungua mfuniko, mkono uko ndani hadi kwenye kiwiko. Meni swichi hujaigusa, maana umeme si haupo?

Kumbe Luku ndiyo iliyoisha. Tajiri yuko Kariakoo, amenunua umeme na kutuma tokeni kwa simu. Kijana anayepokea pesa mlangoni anabonyeza zile namba 20, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ikikubali, mota inaamka. Kijana hana ubaya wowote, anajua amewafanyia wateja wema. Lakini mota haiulizi kama fundi ametoka.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: umeme uliokatika haujazimwa. Aliyeukata si wewe, na atakayeurudisha si wewe.

Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha tabia mbaya. Umeme ukiondoka, vijana wanakimbilia kufungua mashine, eti ndio muda wa matengenezo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, mgao ukapungua, tabia ikabaki. Nakuomba uiache.

Utaniambia, babu, mashine yetu ina starta. Sawa. Starta ya kontakta iliyo nzima hujiachia umeme ukikatika, na mashine hailii tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Lakini mashine ngapi mtaani zimeungwa moja kwa moja? Na starta ngapi ziliharibika zikakazwa kwa waya ili kazi isilale? Tena kuna jenereta na chenjova yake, na mtu wa jenereta yuko nyuma ya ukuta, hakuoni.

Basi shika haya, mjukuu wangu, uyafanye kila siku, hata kwa kazi ya dakika mbili.

Waambie wote waliopo kwamba unaifungua mashine. Izime, kisha kata meni swichi, na kama kuna jenereta, kata na njia yake. Weka kufuli kwenye swichi, ufunguo uingie mfukoni mwako. Usimwachie tajiri, usimwachie rafiki. Ufunguo ulio kwa mwenzako unalinda vidole vya mwenzako. Kama mko mafundi watatu, ziwe kufuli tatu, na kila mtu aondoe yake.

Swichi yako haina tundu la kufuli? Ifungie ndani ya kisanduku, au chomoa fyuzi ukae nazo. Ning'iniza kibao: USIWASHE, FUNDI YUKO NDANI, na jina lako na namba ya simu chini yake. Lakini kibao peke yake hakimzuii asiyejua kusoma wala mwenye haraka. Kufuli inawazuia wote wawili.

Halafu jaribu. Bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli imekufa, kisha kirudishe kwenye kuzima. Pima kwa testa, na testa yenyewe uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, usije ukaamini testa mbovu. Kwenye fezi tatu pana volti 400 kati ya fezi na fezi. Hapo hapana kubahatisha.

Na umeme si nguvu peke yake iliyomo. Nyundo za mashine ya kusaga huendelea kuzunguka baada ya kuzima, subiri zisimame kabisa. Kapasita hubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Tangi la kompresa lina hewa iliyoshindiliwa, ifungulie itoke yote hadi geji isome sifuri, ndipo ulegeze nati. Springi iliyobanwa inataka kuruka.

Wewe wa gereji, nakuomba kwa namna ya pekee. Bodi ya tipa ikiinuliwa, inayoishikilia ni oili iliyo ndani ya jeki. Siku paipu ikipasuka, au mtu akigusa leva akiwa kwenye kabini, bodi inashuka yote kwa mara moja. Usipitishe kichwa chini yake kabla ya kuweka nguzo ya chuma ya kuitegemeza. Na gari lililoinuliwa kwa jeki, liwekee stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Ukimaliza, rudisha gadi, okota spana zako, hesabu watu wote wako nje. Ndipo ufungue kufuli yako, kwa mkono wako mwenyewe.

Tajiri atakuharakisha. Atasema wateja wanaondoka. Mjibu kwa adabu, lakini usitoe kufuli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri akulinde, na OSHA, wakala unaosimamia sheria hiyo, wapo kukagua. Ipo pia WCF, mfuko wa fidia uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Muulize mapema kama amekuandikisha, usisubiri siku ya damu.

Lakini elewa, mwanangu: fidia inalipa pesa, hailipi kiganja.

Nimewaona mafundi hodari, wenye mikono ya dhahabu, wakibebwa kwa bajaji kukimbizwa hospitali ya Amana, kiganja kimefungwa kwa kanga ya mama ntilie. Walipona. Ila kushika spana ndogo tena hawakuweza, kufunga vifungo vya shati la mtoto hawakuweza, na yule tajiri aliyekuwa akiwaharakisha alipata fundi mwingine wiki ileile. Nyundo, beringi, mkanda, vyote utavipata Kariakoo. Spea ya mkono haiuzwi popote.

Kufuli ndogo haifiki bei ya nauli zako za wiki. Kesho kabla hujaingia kazini, pita dukani ukanunue moja, uandike jina lako juu yake. Kama una mwanafunzi wa ufundi, mnunulie na yeye, umwonyeshe mara ya kwanza kwa mikono yako. Anayefunza kufungua mashine bila kufunza kufunga umeme amefunza nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua.

Nakuomba, mjukuu wangu. Nakuomba tena. Funga kwanza, ndipo ufungue.