Jani Gumu Kwenye Gunia

Mkulima wa Mogogosiek, huko Bomet, anapofikisha chai yake kituoni, karani huzamisha mkono katikati ya gunia, akachota majani na kuyatandaza ayaone. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu likizidi, mwenye gunia huambiwa akae achambue kabla ya kupimiwa. Lakini mkono wa karani haufiki kila pembe, na anayetaka kuficha analijua hilo. Gunia likishapita, chai yake huchanganywa na ya majirani, husindikwa kiwandani, huuzwa mnadani Mombasa, na bonasi hulipwa kwa kiwango kimoja cha kilo kwa wakulima wote wa kiwanda hicho. Aliyechuma kwa uangalifu na aliyelipua kazi hulipwa sawa kwa kilo, na huyu wa pili huenda hata akawa na kilo nyingi zaidi. Kwa nini basi mtu achume vizuri pasipo wa kumwona? Swali hili ni ndugu ya lile ambalo Meno alimuuliza Socrates katika maandishi ya Plato: je, wema hufundishwa, hupatikana kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nao? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba mawaidha peke yake hayamjengi mtu, na kazi ya kikundi peke yake haimjengi pia. Tabia njema hukua pale watu waliofanya kazi pamoja wanapoketi kuipima kazi ile ile, kila mmoja mbele ya walioshuhudia alichokifanya.

Tuanze na mawaidha, kwa kuwa ndiyo tunayoyategemea zaidi. Mtoto akiharibika twauliza nani hakumsemesha. Vijana wakilewa, tunaita semina. Mnamo 1928 watafiti wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto zaidi ya 10,000, wakiwapa nafasi ya kudanganya katika mitihani na michezo bila watoto kujua kuwa wanaangaliwa. Kujua lililo jema kulitabiri kwa uchache sana nani angelitenda. Aliyedanganya hapa huenda alikuwa mwaminifu pale. Jambo jingine walilolibaini ni kwamba watoto wa darasa moja walielekea kufanana: uaminifu ulikuwa na kwao, na kwao kulikuwa ni kundi. Aristotle alikuwa amekwisha kusema karne nyingi kabla kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama fundi anavyopata ufundi wake kwa kujenga. Yaliyopatikana Marekani yanaongeza neno moja: hatutendi peke yetu.

Wakipsigis, wenyeji wa Bomet na Kericho, hawakuhitaji kuambiwa hayo. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu juu ya maisha yao mwaka 1939, aliieleza kokwet, yaani ujirani pamoja na baraza lake, kuwa nguzo ya jamii yao. Maana ya jambo hilo imo katika mpangilio wenyewe. Majirani waliosaidiana shambani ndio waliosikiliza kesi ya ng'ombe aliyeharibu mimea, hivyo aliyesimama kujitetea hakuwa mbele ya hakimu mgeni. Alikuwa mbele ya watu waliojua vizuri jembe lake linaamka saa ngapi. Ndiyo sababu baraza liliweza kumrekebisha mtu. Nyani haoni kundule, nasi hatuoni ya kwetu mpaka mwenzetu aliyekuwa nyuma yetu aseme. Siku hizi mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoe huduma kwa jamii, na makanisa mengi ya Bomet na Kericho yana mipango yao ya kuwafunza wavulana wanaotahiriwa. Ni hatua njema. Hata hivyo, siku ya kuokota taka sokoni ikiisha kwa picha na soda, bila mtu kuuliza nani alikwepa na kwa nini, kilichofanyika ni usafi wa soko tu.

Mcha Mungu atapinga: wema unaofanywa ili watu waone si wema. Katika Injili ya Mathayo Yesu anawaonya wanaotoa sadaka ili wasifiwe, na Waislamu wanaiogopa riya, yaani kutenda ili kuonwa, kwa sababu hiyo hiyo. Pingamizi hili ni zito, lakini linapiga kundi linalopongezana, si kundi linalojichunguza. Mfano ulio karibu na Mogogosiek ni wa John Wesley, kwa kuwa Africa Gospel Church, yenye mizizi mirefu Bomet, imetoka katika mapokeo yake. Mwaka 1742, huko Bristol, wafuasi wake waligawanywa katika vikundi vya watu wapatao 12 ili kila mmoja atoe peni moja kila wiki ya kulipia deni la jengo lao la ibada. Waliotumwa kukusanya fedha walipozunguka majumbani, waliona jinsi watu walivyoishi. Kazi ya mfuko ikazaa mkutano wa kila wiki ambapo kila mmoja aliulizwa hali ya roho yake. Mbele ya watu wanaokujua hivyo, kujionyesha ni kazi ngumu kuliko kutubu.

Pingamizi la pili ni chungu zaidi: makundi ndiyo yaliyotuumiza. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na katika mashamba ya chai ya Kericho wafanyakazi wa jamii nyingine walifukuzwa. Waliofanya hivyo hawakukosa umoja. Walikuwa nao tele. Ushujaa, utii na kutomwacha mwenzako ni sifa njema ambazo kundi lolote hufundisha, hata genge. Hili haliangushi hoja, linaionyesha sehemu yake iliyo muhimu: kazi bila tafakari huzaa utiifu, na tafakari isiyomsikia aliyeumizwa ni njama. Baraza linalofaa ni lile ambalo mgeni anaweza kusimama ndani yake akasema, "Mlinikosea."

Hapo ndipo linapozaliwa pingamizi la tatu, la haki. Kwa nini mchumaji mdogo ahubiriwe juu ya jani gumu, ilhali wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wanalalamika kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki? Wana haki ya kuuliza, na tafakari ninayoitetea haiishii kwa mwenye gunia. Wakurugenzi wa kiwanda huchaguliwa na wakulima hao hao, kwa hiyo nao wamo katika kazi ya pamoja na lazima waketi wapimwe kwa hesabu zao. Kikao kinachomuuliza mwenye kilo kumi na kumwogopa mwenye kiti kinafundisha woga, ambao nao ni tabia. Basi atakayetaka kujua kama kikundi chake, kiwe cha chama, cha kwaya au cha vijana, kinajenga watu, asihesabu kazi kilizofanya. Aangalie kama baada ya kazi mdogo kabisa anaweza kumuuliza mkubwa kabisa swali, na kama mkubwa hulijibu.