Macho Mekundu

Mwaka 1692 huko Salem, Marekani, watu wamchao Mungu waliwanyonga wenzao 19 kwa shitaka la uchawi. Angalieni sana: waliokiri, ingawa kwa uongo, waliachwa hai, waliokataa kusema uongo ndio waliokufa. Mwaka 1953 Arthur Miller alitoa mchezo wa kuigiza juu ya habari ile, maana Wamarekani wa siku zake walikuwa wakiwasaka wakomunisti vivyo hivyo, na atakaye kuokoka alidaiwa kuwataja rafiki zake. Tusiwacheke upesi. Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa kuni tu! Juzi niliketi jikoni kwa bibi mmoja hapa Lumuma, nikatoka macho yangu mekundu kama yake. Hakuna aliyeniuliza neno.