Tusimsingizie Adui Vumbi Letu

Somo: Mwanzo 3:9-19, 1 Mambo ya Nyakati 9:28-33

Wiki hii nina jambo la kuungama, na swali ambalo bado linanisumbua. Mtu akitamka neno kwa jina la Bwana, tena akiliamini, lakini hakujisumbua kuangalia kama ni kweli, amesema uongo?

Mwezi wa Agosti tulitoka Migori kwenda mkutano wa pamoja Homa Bay. Kibodi ya kanisa ilipanda keria ya matatu, imefungwa kwa gunia. Katikati ya sifa, Do ya katikati ikanyamaza kabisa. Sol nayo ikawa inapiga kelele hata nikiigusa pole. Nikashika maiki nikasema adui anapinga sifa zetu. Kanisa lote likasimama, tukakemea karibu nusu saa. Mzee mmoja akaitisha sadaka ya kununua kibodi mpya, zikapatikana shilingi 6,350. Mama mmoja anayeuza omena alitoa 200. Nilimwona akizifungua kwenye pindo la leso.

Jumatatu nikapeleka kibodi kwa fundi pale mjini. Alipoifungua, jamani! Vumbi la barabara, majivu ya miwa (kwetu wakichoma shamba yanaingia hadi kwenye chai), makombo, na soda iliyoganda. Akaniangalia, akasema, "Ndugu, huyu shetani wenu anakula mandazi."

Akanionyesha. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoa viwili vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja hugusa saketi kabla ya kingine, na kibodi hupima muda huo mfupi ili ijue umepiga kwa nguvu au pole. Uchafu ukikaa hapo, kitufe hunyamaza, ama hulia kwa nguvu zote. Alisafisha kwa pamba na alkoholi ya mafundi, taratibu, asikwangue kaboni. Akanikataza petroli na thina, na maji ya kumwagia. Kila wiki nizime, nichomoe waya, nipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kisha nifunike. Akanitoza 800.

Ile soda niliijua. Ilimwagika siku ya Pasaka, nikapangusa juu juu.

Ndugu mmoja wa kwaya alinitetea: si Mungu alijibu maombi, fundi akapatikana? Ni kweli, na namshukuru Mungu. Lakini fundi alikuwepo pale hata kabla hatujakemea. Sisemi adui hayupo. Pale Edeni nyoka alikuwepo kweli, Hawa hakumbuni. Mungu alimlaani nyoka, na bado Hawa alijibu kwa sehemu yake. Mimi nilimtaja nyoka ambaye hata sikumwona, nikaliacha jina langu nje. Wale Walawi waliotunza vyombo vya ibada walivihesabu vikiingia na vikitoka. Hiyo ni kazi ya kuangalia kwa macho. Hata kampuni ya Yamaha ya Japani chanzo chake ni mtu aliyetengeneza ogani ya shule iliyoharibika, huko Hamamatsu mwaka 1887. Naye ilibidi kwanza aangalie ndani.

Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni ndiyo. Nilidanganya. Kuamini kwangu hakunisafishi, maana niliamini haraka kwa sababu ilinifaa.

Jumapili iliyofuata nikapanda matatu kurudi Homa Bay, nikasimama mbele ya kanisa nikasema yote, soda na yote. Mchungaji akatangaza kwamba anayetaka sadaka yake arudishiwe. Wachache walikuja, na sikuwalaumu. Mama wa omena naye akaja, nikamhesabia 200 zake. Akazikataa. Akauliza tu, "Mwanangu, sasa kinafunikwa na nini?"

Nikamwambia, bado gunia.

Akafungua leso kiunoni, akaikunja, akanipa.