Kinongo cha Shangazi

Mwenye shaka na Kiyama, Qur'ani humrudisha kwenye ardhi: aitazame ilivyokufa kwa ukame, kisha aitazame tena baada ya mvua. Hoja hii imo katika Suratul Hajj, imo katika Suratur Rum, imo katika Fussilat na kwengineko. Nimeisomesha chuoni miaka mingi kwa tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ile iliyotoka 1969, na haikuwahi kunipa tabu. Aliyenitia tabuni ni mwanafunzi wangu mmoja, na alianzia kwenye ndoo zangu za tungule.

Ninakaa katika maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, na shamba langu lote liko roshani: ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, zenye tungule, mabilingani, mchicha, na mrehani mmoja mkaidi. Juu yangu kuna roshani ya jirani, kwa hivyo mvua ya Masika naisikia tu, kwenye ndoo haifiki. Hapo ndipo mambo yangu yanapoachana na ya shamba. Ardhi ya shamba ikikauka, imekauka na mbegu zake tumboni, na nyungunyungu wake wamejichimbia chini wakingoja. Mvua huja kuamsha kilichomo. Ndoo haina akiba hiyo. Tungule zikimaliza kuzaa, udongo umeshuka vidole vinne hivi kutoka ukingoni, maana samadi na majani yaliyokuwemo yameliwa na vijidudu mpaka yakaisha. Uliobaki umeshikana, ukiumwagia maji, yanapita pembeni na kutokea chini huku katikati pakiwa pakavu. Juu umefanya ukoko mweupe, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi, na jua likishayanyonya, chumvi haina pa kwenda. Naitrojeni iliyoliwa na mimea imeliwa, na isiyoliwa imetoka na maji kwa yale matundu.

Kwa hivyo nauhuisha kwa mikono. Naumwaga juu ya turubai, natoa mizizi minene, ile nyembamba naiacha ioze humo humo, mabonge nayavunja. Ukoko naukwangua na kuutupa, kisha uliobaki naumwagia maji ya mvua niliyokinga uani, mengi, mpaka yashuke na chumvi yake. Halafu naongeza: ndoo moja ya mboji kwa kila ndoo tatu za udongo mkongwe, samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa, na vumbi la usumba ili udongo upumue. Usumba wa kwetu una kazi yake. Makumbi ya nazi huzikwa pwani kwenye matope kwa miezi kabla wanawake hawajayafukua wakayatwanga na kusokota kamba, na vumbi lake linakuja na bahari ndani yake. Usipolirowesha na kulikamua, tena na tena, unaitoa chumvi kwa mlango huu na kuiingiza kwa ule. Udongo wenyewe wa asili ni kinongo, mwekundu, tuliletewa kwa gunia kutoka shambani kwa shangazi yangu. Kichanga hakishiki maji, na kinamo ukikitia ndooni kinageuka tofali.

Mwanafunzi huyo, msichana, hunisaidia kuchanganya. Mikono yake ilikuwa imezama mpaka viwikoni aliponiuliza: "Mwalimu, kila msimu tunatoa kidogo, tunatia kingi. Kinongo cha shangazi yako kimebaki kiasi gani humu? Na kama hakikubaki, tunachokihuisha ni kipi?" Kisha akataka kujua kama na yeye atafufuliwa hivyo hivyo, kwa kuongezewa.

Wapo walimu ambao wangemwambia astaghfiru anyamaze. Mimi sikuona dhambi yoyote, tena wenye elimu kuliko sote wawili walikwisha kuliuliza swali hilo.

Imam Ghazali alimaliza Tahafut al-Falasifa mwaka 1095, na mas-ala ya mwisho ndani yake, ya 20, ni haya ya kufufuliwa miili. Kabla ya kuwajibu wanafalsafa, anaiweka hoja yao mezani bila ya kuipunguza makali. Maiti huwa udongo, udongo hulimwa, mazao yake huliwa na mnyama, mnyama akaliwa na mtu. Chembe moja imekwisha kupita kwa watu wangapi, na siku ya kufufuliwa apewe nani? Ukiisoma hoja hiyo huku una samadi chini ya kucha, inakushika vizuri zaidi. Jibu lake ni kwamba mtu ni nafsi yake. Mwenyezi Mungu akiirudisha nafsi kwenye mwili, uwe wa mada ile ile, au nyingine, au iliyoumbwa upya kabisa, aliyerudi ni yule yule. Mbona mwili wa mtoto hubadilika mpaka uzeeni, ukanenepa na kukonda, na hakuna anayesema hao ni watu wawili? Karne moja hivi baadaye Ibn Rushd wa Cordoba aliandika kitabu kizima cha kumrudi Ghazali, lakini alipofika hapa alimkaribia: miili itakayorudi ni mifano ya hii, kwa kuwa kilichokwisha kutoweka hakirudi kikawa kile chenyewe.

Nilimpa msichana jibu hilo na likamtosha. Mimi halinitoshi. Naliona limeupa udongo cheo kidogo mno, kana kwamba ni kitu cha kuazima kwa yeyote aliye karibu, hiki kikikosekana kije kile. Anayelima kwenye ndoo anajua kwamba udongo hauko hivyo.

Msimu mmoja tungule za ndoo ya pembeni zilinyauka mchana, majani yakiwa bado kijani kibichi, na usiku ulipoingia hazikuinuka. Nilikata shina moja karibu na udongo, nikalishika ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe, mzito, ukaanza kuteremka kutoka kwenye jeraha la shina hadi chini ya glasi, kisha wa pili pembeni yake. Huo ni mnyauko wa bakteria, na ule uzi ni bakteria wenyewe wakitoka kwenye mishipa ya mmea waliyoiziba. Miche unaing'oa siku hiyo hiyo, lakini udongo unabaki nao, na wanaweza kukaa humo miaka. Tia mboji upendavyo: ukipanda tena tungule, au bilingani, au pilipili, ambazo zote ni ukoo mmoja, zitanyauka. Robo ya udongo ni mpya na ugonjwa ni ule wa zamani.

Basi swali la kilichobaki halijibiki kwa kuhesabu chembe za kinongo. Udongo huu ni ule ule kwa sababu yaliyoupata bado yamo ndani yake, mabaya kwa mazuri. Maana mazuri nayo yamo: ndoo iliyopandwa kunde msimu uliopita ina naitrojeni ambayo mimi sikuinunua, na konzi ya udongo mkongwe ina vijidudu vinavyojua kazi ambavyo mboji ngeni haijawa navyo. Hata mboji inapokuwa tele sijazi ndoo kwa mboji tupu. Hushuka haraka, na mizizi hukosa pa kushika.

Hapo ndipo ninapomwacha Ghazali, kwa adabu zote, nikaishika Suratuz Zilzala. Watoto wa chuoni huihifadhi mapema kwa ufupi wake na hawaulizi kitu. Humo ardhi inatoa habari zake, na wafasiri huzieleza habari hizo kwa Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba ardhi itamshuhudia kila mja kwa alilolitenda juu ya mgongo wake. Shahidi hatakiwi awe na mwili usiobadilika. Anatakiwa awe alikuwepo. Ndivyo ninavyoisoma pia Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwanadamu huoza wote ila kifandugu, na kutokana nacho ataundwa tena. Wapo wanaotaka kukipima kifandugu hicho kwa hadubini, na wapo wanaokiona ni jambo la kuona haya mbele ya watu wa sayansi. Mimi nakiona ni kidogo kilichobaki chenye habari ya kingi kilichokwenda, na sijui kwa nini hilo limshangaze mtu aliyewahi kuona tungule mpya zikifa kwa ugonjwa wa tungule za mwaka juzi.

Msichana akanishika hapo. Kama ardhi haisahau, akasema, aliyetubu atapona vipi? Kuna riwaya kwamba mja akitubu, Mwenyezi Mungu huwasahaulisha malaika waandishi na viungo vyake, na huisahaulisha hata ile ardhi alipoasia. Wanazuoni wa Hadithi wameidhoofisha, na sijengi itikadi juu ya riwaya dhaifu. Lakini hata kwa udhaifu wake, inakubali jambo ambalo watu wazima wengi hulikwepa: kwamba ardhi ina cha kusahau, na kusahau huko haikuwezi yenyewe. Toba hufuta dhambi, hilo halina mjadala kwetu. Haifuti kwamba jambo lilitendeka mahali fulani, na aliyedhulumiwa mahali hapo bado anadai haki yake kwa aliyemdhulumu, kama fiqhi inavyosema bila ya kuzunguka.

Ndoo ya mnyauko nimeiandika ubavuni kwa rangi nyekundu. Udongo wake siumwagi kwenye kijibustani cha jirani wa chini, ambaye hana habari na hajanikosea. Maji yanayotoka kwenye matundu yake nayakinga kwa beseni yasifike ndoo nyingine, na kijiko cha kupandia nakisuuza kwa jiki kabla sijakitumia kwengine. Kaskazi ikiingia, kwenye jua kali la Januari, nitaulowanisha, niutandaze mwembamba juu ya turubai jeusi uani, niufunike plastiki angavu kwa wiki sita. Joto hilo huua wengi, wema na wabaya pamoja, ila wabaya hawamaliziki wote. Kisha utapata mboji, halafu mchicha, na baada ya mchicha mahindi mawili matatu, ambayo ugonjwa huu hauyataki. Msichana anataka tungule. Tumekubaliana atie mche mmoja wa majaribio msimu utakaofuata mahindi, kwenye ndoo hiyo hiyo, na mbegu ameshaichagua.